Ini la Mtu Asiyekunywa

Mpimaji alinipaka jeli ya baridi tumboni, akaweka kile kidude chake chini ya mbavu za kulia, akakibana, akakizungusha, akanyamaza. Skrini sikuielewa, kwa hiyo niliusoma uso wake. Mwishowe akauliza bila kunigeukia:

"Mzee, pombe unatumia?"

"Situmii."

"Hata ulanzi? Mara mojamoja, msimu wake ukifika?"

"Kijana wangu, mimi ni mzee wa kanisa. Sijawahi hata kuonja."

"Sawa," akasema. Lakini sawa ile haikuwa ya kukubali. Naifahamu vizuri, maana mimi mwenyewe huwapa madereva wanaoniambia mbao zimelowa mvua njiani, na njia nzima jua lilikuwa linawaka.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, amelipakata koti langu. Alisikia swali, akasikia jibu, na ile sawa pia aliisikia. Nilipomaliza kujifuta aliniletea koti, ila kabla ya kunikabidhi alilipitisha puani, haraka, kama mtu anayejikuna pua. Nilimwona. Na yeye aliona kwamba nimemwona.

Tulikuwa tumekwenda hospitali kwa jambo jingine kabisa. Kwa muda nilikuwa nasumbuliwa na kiu na kwenda haja ndogo kila mara, mpaka katikati ya ibada nikawa natoka nje na kurudi huku usharika mzima ukinitazama. Walinipima, wakasema ni sukari. Kisha daktari, kijana aliyekuwa na foleni ndefu mlangoni, akasema vipimo vya ini navyo havijakaa sawa, nikapigwe picha. Picha ikarudi na neno moja: ini limejaa mafuta. Daktari aliandika dawa za sukari, akanieleza namna ya kuzimeza, na tulipokuwa tunainuka akaongeza, "Na ile pombe, mzee, punguza."

Nilikuwa nimeshamwambia sinywi. Nilisimama pale nikitaka kurudia, lakini mgonjwa mwingine alikuwa ameshaingia.

Inabidi niseme kwa nini neno lile halikuanguka chini. Baba yangu alikunywa pombe ya komoni maisha yake yote, na kwa sababu yake niliapa nikiwa bado mdogo kwamba kitu kile hakitapita kooni mwangu. Mke wangu naye ana lake. Yeye ni wa Makete, Mkinga, watu wa biashara na wa kusali, na kaka yake mkubwa alikufa kwa ini. Yule kaka alisimama mbele ya mchungaji akaapa kwamba ameacha. Walipokuja kumzika, wakazikuta chupa zake ndani ya gunia la mbolea. Kwa hiyo mke wangu anajua kwamba mtu mwema anaweza kuapa kanisani na bado akawa na gunia mahali fulani. Tangu siku ya picha ile, akaanza kulitafuta gunia langu.

Nyumbani kwetu ni Mjimwema, hapa Njombe, na biashara yangu ya mbao iko Makambako. Asubuhi nashuka na pikapu yangu, jioni napanda. Zamani mke wangu alikuwa hanipigii simu mchana. Sasa ikawa nikiwa katikati ya kupokea mzigo, simu inaita. Alikuwa ananiuliza mambo yanayotaka majibu marefu: yule fundi wa paa alisemaje, na kwa nini, na mimi nilimjibuje. Nikawa naeleza, mpaka siku moja nikatambua kwamba yaliyokuwa yanasemwa hayakumhusu. Alikuwa anausikiliza ulimi wangu kama umelegea.

Jumapili moja mzee mwenzangu wa kanisa alitutembelea, akakaa, akanywa chai, akaomba. Sala yake ilikuwa ndefu kuliko kawaida, na mahali fulani ikawafikia "wale walio katika vifungo vya siri, Bwana, ambao wewe peke yako unawaona." Nilifungua jicho moja. Mke wangu alikuwa amefumba yake kwa nguvu sana.

"Umemwambia nini?" nilimuuliza alipoondoka.

"Nimwambie nini? Kuna cha kumwambia?"

Maneno yale yalinikata maini.

Kisha kikaja kile kimashine cha kupima sukari. Daktari aliagiza nijipime jioni baada ya kula na asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni. Mke wangu akajipa kazi hiyo. Yeye ndiye aliyenitoboa kidole na kusoma namba. Na namba zikanisaliti. Jioni zilikuwa za juu, sawa, mtu nimekula. Lakini asubuhi, nimelala usiku kucha, tumbo tupu, wakati mwingine zilikuwa juu zaidi ya zile za jioni.

"Baba," akaniambia, amekishika kidole changu bado, "mtu hajala, hajanywa. Hii sukari imetoka wapi?"

"Mimi nitajuaje?"

"Haidondoki kutoka darini."

Kesho yake nikakuta mlango wa jikoni una kufuli, na ufunguo uko shingoni mwake kwenye kamba ya kitenge. Sikusema kitu. Mtu anayeshukiwa akikaa kimya anaonekana ana hatia, na akijitetea ndiyo zaidi. Nilichagua kimya kwa sababu hakinichoshi.

Ilikuwa baada ya kufuli ndipo chai ilipobadilika. Kwetu baridi ni kali na chai ya asubuhi ni ya tangawizi, inakwaruza koo mpaka unachangamka. Lakini sasa chini ya tangawizi kulikuwa na kitu kingine, uchungu uliokuja umechelewa na kukaa nyuma ya ulimi. Nikasema labda ni maji. Labda ni hizi dawa zangu. Kisha nikaona kwamba mke wangu, ambaye miaka yote hunipa chai na kuendelea kufagia, sasa anasimama mlangoni mpaka nimalize kikombe.

Asubuhi hiyo nilisimamisha pikapu njiani, kabla sijafika mbali, pembeni ya misonobari, nikatapika. Siku iliyofuata nikatapika tena, na shati langu likarudi nyumbani na madoa, akalifua yeye. Siku niliyosafiri mapema bila kunywa chai, sikutapika.

Mimi ni mtu wa mbao. Ubao ukipinda natafuta ulipopatia unyevu. Nilikaa ndani ya pikapu ukungu ukiwa umefunika kioo, nikafikiri jambo ambalo sikutaka kulifikiri. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu mwanamke tumezaa naye, tumejenga naye, tumezika naye. Lakini anataka nini? Nilianza kuhesabu kama makosa yake mambo ya kawaida kabisa: kwamba aliwahi kuuliza hati ya kiwanja iko wapi, kwamba siku hizi anazungumza Kikinga kwenye simu na dada yake akiniona naingia. Ukishatia shaka, kila kitu kinashuhudia.

Nikaacha kula nyumbani. Nilimwambia nimefunga na kuomba. Alinitazama tumbo.

Makambako, ng'ambo ya banda langu la mbao, kuna mama lishe anayekaanga vitu vya kukaanga. Malori yanayokwenda mpakani yanasimama pale, madereva wanashuka na njaa ya safari, na yeye anawapakulia chipsi, kitimoto na kachumbari, soda juu yake. Nikawa mteja wake asubuhi, mchana na jioni. Nilijiambia kwamba angalau chakula hiki naona kinavyopikwa. Dawa za sukari nilizimeza kwa soda. Mkanda wa suruali ukafikia tundu la mwisho, nikaongeza jingine kwa msumari.

Siku moja ya jua kali, nikiwa nimekaa kwenye benchi la mama lishe, sahani magotini, kivuli kilinifunika. Niliinua macho. Mke wangu. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na sweta, amekuja bila kuniambia.

Hakunisalimu. Alichukua chupa yangu ya soda, akainusa, akaonja. Akaonja tena.

"Ni soda," akasema, kama aliyekasirika kwamba ni soda.

"Ulitegemea nini?"

"Huyu mama ndiye anayekulisha?"

"Ananilisha mimi na nusu ya madereva wa Tanzania. Muulize."

Mama lishe alisimama na mwiko wake mkononi, hajui aendelee kugeuza nyama au akimbie.

"Kwa nini huli kwangu?" mke wangu akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka. "Mimi napika, chakula kinalala. Unaniambia umefunga. Hii ndiyo saumu?"

Nikaweka sahani chini. Niliona kwamba nisiposema sasa sitasema tena.

"Unaniwekea nini kwenye chai?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali wake, na machozi yake pia ningeyamudu. Badala yake akainama, akaukaribia uso wangu, akanishika kidevu kama mtoto na kunigeuza kuelekea kwenye jua.

"Macho yako," akasema. "Baba, macho yako yana manjano."

Akanyoosha mgongo. Baadaye aliniambia kwamba kaka yake alianza vilevile, machoni.

"Twende hospitali. Sasa hivi. Acha hizo chipsi."

Kulikuwa na hospitali pale pale mjini Makambako, na daktari aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, amevaa sweta nene chini ya koti jeupe, anazungumza polepole. Alinibonyeza tumbo, akaniangalia macho, akatuma damu yangu maabara, na majibu yalipokuja akayasoma huku ameshika tama. Kisha akaniuliza lile swali. Nilishusha pumzi.

"Daktari, nimeshasema mara nyingi. Sinywi."

"Nimesikia," akasema, na akanitazama machoni alipolisema. "Sasa nakuuliza jingine. Mbali na dawa za sukari, kuna kitu kingine unatumia? Mitishamba, unga, mizizi?"

"Hapana."

"Ndiyo," mke wangu akasema.

Nikageuka. Alikuwa anaitazama sakafu.

"Kuna mama anauza dawa za miti sokoni Njombe. Aliniambia kuna unga wa mizizi, mlevi akiwekewa kwenye chai anaichukia pombe, anaitapika. Akasema kwa mtu asiyekunywa haufanyi kitu, unapita tu kama maji." Akaniangalia mimi. "Nikakuwekea. Ukatapika. Nikajua."

Nilifikiri juu ya asubuhi zile pembeni ya misonobari. Mimi nilikuwa natapika na kujiambia ananiua. Yeye alikuwa anafua mashati yangu na kujiambia kweli ananywa. Kila tapishi lilikuwa ushahidi kwetu sote wawili.

"Mama," daktari akasema bila kupaza sauti, "unga ule unamtapisha yeyote. Na ini lililochoka haliuwezi. Hii manjano, nadhani imetoka huko. Huo unga utakwisha leo?"

"Umekwisha leo," mke wangu akasema.

Lakini hakuinuka. Alikaza mgongo. Ni mwanamke asiyeacha swali nusu.

"Lakini daktari, mafuta kwenye ini yalionekana kabla sijamwekea kitu. Yale yametoka wapi, kama siyo pombe? Naomba usimkingie kifua kwa sababu ni mzee wa kanisa."

"Pombe ni njia moja ya kujaza ini mafuta," daktari akasema. "Siyo njia pekee. Mzee, simama. Fungua koti."

Nilisimama, nikafungua. Akanionyesha mimi mwenyewe kwa mke wangu: miguu myembamba, mikono ya kawaida, na tumbo limetangulia.

"Haya mafuta ya ndani, yanayozunguka utumbo, watu wanadhani yamelala tu kama akiba. Hayajalala. Mafuta ya mwili yanatengeneza homoni na kuzipeleka kwenye damu. Na ya mahali hapa, damu yake inapita kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini."

Alieleza kwamba kazi mojawapo ya ini ni kutunza sukari na kuitoa wakati mtu hajala. Mtu akila, kongosho linatoa insulini, na insulini inaliambia ini: acha sasa, usitoe. Kuna homoni ya mafuta iitwayo adiponektini, ambayo kazi yake mojawapo ni kulisaidia ini kuitii insulini. Mtu angetarajia kwamba mwenye mafuta mengi atakuwa nayo nyingi. Kumbe ni kinyume: tumbo likijaa kupita kiasi, hiyo hupungua. Zinazoongezeka ni nyingine, zinazoleta uvimbe wa chinichini usiouma, pamoja na mafuta yenyewe yanayotiririka kuingia kwenye ini. Mwisho wake ini linakuwa sugu. Insulini inaliambia liache, nalo linaendelea kumwaga sukari.

"Hata usiku?" mke wangu akauliza haraka.

"Hasa usiku, mtu akiwa hajala."

"Na asubuhi sukari inakuwa juu, bila kula kitu?"

"Bila kula kitu."

Mkono wake ukaenda shingoni, ukaushika ule ufunguo chini ya sweta.

"Kwa hiyo," nikasema, "ni mafuta yangu mwenyewe yananifitini kwa ini langu?"

Daktari akacheka kidogo. "Siyo fitina, mzee. Hayana nia. Ni mengi mno mahali pasipofaa, basi."

Nitasema ukweli: sikumwamini papo hapo. Nilishakuwa mtu wa kushuku, na tabia hiyo haivuliwi kama koti. Nilifikiri, huyu naye anauza nini? Nilisubiri ataje dawa ya ghali au duka la ndugu yake. Hakutaja. Alisema niendelee na dawa zilezile, niache soda kabisa, chipsi na kitimoto viwe kumbukumbu, nitembee kila siku mpaka jasho linitoke, na nirudi anitazame macho.

"Mkimpunguza tumbo," alimwambia mke wangu, "siyo lazima liishe, likipungua tu, ini linaanza tena kusikia."

Jioni ile tulipanda Njombe kwa pikapu. Tulipofika nyumbani alitoa kipakiti cha unga kutoka ndani ya debe la ulezi, tulikwenda pamoja mpaka chooni nyuma ya nyumba, akaumwaga mbele yangu. Nikamuuliza, "Ndio wote?" Akasema, "Ndio wote." Nikajikuta kesho yake, yeye akiwa shambani, naliinamia lile debe na kutumbukiza mkono mpaka chini. Kulikuwa na ulezi tu.

Hatukusameheana siku moja. Nilichomuomba ni kwamba anachonipikia naye ale, sufuria moja, na alikubali bila kununa. Viazi vya kuchemsha, maharage, mboga za majani, parachichi kipande badala ya mafuta ya kupikia. Kufuli likatoka mlangoni. Simu za mchana zikaendelea kwa muda, kisha zikawa fupi, kisha siku moja ikapita bila simu nami nikajikuta nikiingoja.

Manjano ilitoka machoni taratibu. Kwa mzee mwenzangu wa kanisa alikwenda mke wangu mwenyewe, akamweleza yote, mpaka habari ya unga. Aliporudi nikamuuliza yule alisemaje.

"Amesema yeye hakuwahi kuamini."

"Na ile sala?"

"Amesema ilikuwa ya jumla."

Tulitazamana. Sijui kama nilimwamini yule mzee. Mpaka leo nikimwona anafumba macho kuomba, mimi huchelewa kufumba yangu.

Asubuhi tulianza kutembea, sweta na kofia za sufu, kutoka Mjimwema kupandisha kilima mpaka mahali ambapo misonobari inaanza. Mwanzoni nilijua kabisa kwamba anakuja kunilinda, nisije nikapitia mahali pa pombe. Alikuwa hatua moja nyuma yangu kama askari magereza. Namba za asubuhi zikaanza kushuka, kidogokidogo, na kila zikishuka alikuwa anapima tena kidole kingine, kuhakikisha.

Miezi kadhaa baadaye tulirudi Makambako kwa yule daktari. Damu ilikuwa nzuri zaidi, na picha mpya ikaonyesha mafuta ya ini yamepungua, ingawa hayajaisha. Daktari akanipima kiuno kwa futi kamba, akaonekana kuridhika. Halafu akamgeukia mke wangu.

"Na wewe mama, hebu njoo."

"Mimi siumwi."

"Mumeo naye alikuwa haumwi, mpaka alipoumwa. Njoo."

Akasimama, akavua sweta kwa shingo upande, akajinyoosha, akavuta pumzi ndani kuliko inavyotakiwa. Daktari akasubiri. Mtu hawezi kushikilia pumzi siku nzima. Alipoiachia, futi ikazungushwa, na daktari akasoma, akamwonyesha mahali kidole chake kilipokuwa.

Mke wangu akaitazama ile futi. Akaichukua mkononi, akaivuta kwa mikono miwili, akaigeuza upande wa pili kuzisoma namba.

"Hii imelegea," akasema. "Imepimia watu wengi mno."

"Ni mpya, mama. Nimeifungua juzi."

Lakini kesho yake asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala barabarani, nilipotoka nje nikifunga vifungo vya koti nilimkuta ameshatangulia. Alikuwa amefika karibu na kona, anapandisha kilima kwa hatua ndefu, na hakugeuka kuangalia kama ninamfuata.